Sahani inaisha kabla sijajua nimekula

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 39. Ninaishi Mbagala na mume wangu, watoto, na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Tanga mwaka juzi baada ya baba mkwe kufariki. Ninafanya kazi ya ukarani katika duka la jumla Kariakoo. Nina kilo 84 na kimo changu ni sentimita 160.

Miezi miwili iliyopita nilipima sukari kabla sijala chochote, nikakutwa na 6.4. Daktari akaniambia bado si kisukari ila niko mlangoni, nipunguze kula, nirudi baada ya miezi mitatu. Nipunguze vipi, hakunieleza. Marehemu mama yangu aliugua kisukari na alikatwa mguu, kwa hiyo unaweza kufikiria nilitoka pale nikiwa na hali gani.

Nikaanza kupunguza kwa njia niliyoijua mwenyewe. Alfajiri saa kumi na moja nakunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, sili kitu. Saa nne naongeza kikombe kingine. Saa nane mchana mama lishe ananiletea wali maharage, nakula nusu nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta, mkono mmoja kijiko, mwingine simu, maana wateja wa mikoani hawajui saa ya kula. Dakika tano nimemaliza. Saa kumi chai tena.

Nafika nyumbani saa moja na nusu usiku. Mama mkwe anakuwa ameshapika wali, mara nyingi wa nazi, mimi namalizia mboga. Hapo ndipo balaa linapoanza. Naonja mchuzi, naonja tena, namega kipande cha chapati ya watoto, na sinia linapotengwa mimi tayari nimekula bila kukaa. Kisha tunakaa mkekani, mimi, Mama na watoto, sinia moja. Nafakamia. Nikinyanyua macho upande wangu umeisha, na Mama ananisogezea wa upande wake: "Kula mwanangu, umechoka." Nikikataa ananiuliza kama mboga imezidi chumvi.

Saa nne usiku wote wakishalala naenda kufunga mlango wa jikoni. Hapo nakwangua ukoko, namaliza kiporo, nakula biskuti za watoto za shule, nimesimama, taa nimezima, mwanga wa simu tu. Pakiti naifukia chini kabisa ya ndoo ya taka asiione mtu. Si kila siku, lakini wiki haipiti bila hivyo mara mbili au tatu. Baadaye najichukia, na kesho yake napunguza zaidi.

Nikaona mtandaoni kuna mafunzo ya kula kwa utulivu: unafumba macho, unatafuna kila tonge mara 40, husemi na mtu kwa nusu saa. Nilijaribu siku mbili. Watoto walinicheka, na Mama akamuuliza mume wangu kama naumwa au kama nimekichukia chakula chake. Mume wangu anashauri nipike changu katika sufuria yangu. Mwenzangu kazini anasema nile chumbani peke yangu. Nilipoligusia hilo la chumbani, Mama alisema kwao mtu anayekula chumbani ana jambo anaficha. Sijamwambia habari ya sukari. Alimuuguza baba mkwe miaka minne na sitaki kumrudisha huko.

Je, mimi ni mroho tu nahitaji kujikaza? Na huku kula kwa utulivu kunawezekana kweli kwa mtu wa maisha kama yangu, au ni mambo ya watu wenye nafasi?

Mama wa watatu, Mbagala

JIBU

Dada yangu, asante kwa kutuandikia mambo kwa saa na kwa kiasi chake. Mtu akieleza hivyo, nusu ya jibu huwa tayari imo katika barua yake, na yako iko hivyo.

Kama nimekuelewa, una mizigo mitatu iliyofungwa pamoja. Una hofu ya kisukari ambayo ina sura ya mama yako. Una ulaji ambao mchana unaubana na usiku unakuponyoka. Halafu kuna sinia la familia, ambalo ukiligusa unagusa mapenzi ya mama mkwe wako. Umeuliza swali la uroho, lakini mimi nitalisogeza kando kwanza, tuanze na ile namba.

Sukari ya 6.4 (kwa kipimo cha mmol/L), kama hukula kwa saa nane au zaidi, iko ndani ya eneo ambalo Shirika la Afya Duniani linalihesabu kuwa juu ya kawaida bila kufika kisukari, yaani 6.1 hadi 6.9. Kisukari huanzia 7.0, na kwa mtu asiye na dalili, kipimo lazima kirudiwe kabla ya kusema hivyo. Kwa hiyo kipimo kimoja ni onyo, tena onyo la kweli, lakini si hukumu. Ukirudi hospitali, ulizia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hakidanganywi na chakula cha jana. Na usisubiri tarehe ya miadi ukiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, macho kuona ukungu, au kukonda bila sababu.

Jambo ambalo daktari wako pengine hakupata muda wa kukwambia ni kwamba watu walio hapo ulipo wamechunguzwa sana. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu wa namna yako walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, mengi yakiwa kutembea tu. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wale ambao hawakufuata mpango huo. Kwako wewe asilimia 7 ni kilo sita hivi. Hakuna aliyekudai urudi kwenye kilo za usichana.

Sasa huo uroho. Hebu tuusome mchana wako kama unavyosoma daftari la duka. Tangu alfajiri hadi saa moja na nusu usiku ni saa kumi na nne na nusu. Ndani yake mna vikombe vitatu vya chai na nusu sahani ya wali. Chai hiyo, kwa vijiko tisa vya sukari vya gramu 4 hivi kila kimoja, imekupa karibu gramu 36 za sukari. Ni sawa na chupa moja ya soda, na inapita ile gramu 25 ambayo Shirika la Afya Duniani linasema ni bora kutoizidi kwa siku. Sukari ya namna hiyo hupanda haraka na kushuka haraka, na haikai tumboni. Wakati huohuo tumbo tupu linatoa grelini, homoni inayoiambia akili itafute chakula, na kadiri unavyochelewa kula ndivyo akili inavyotaka kilicho kitamu, chenye mafuta, na kilicho karibu.

Ukifika jikoni kwako saa moja na nusu hujafika na hamu. Umefika na njaa ya siku nzima. Mtu mwenye njaa hiyo akiwekewa sinia la wali wa nazi atafakamia, awe nani. Ndiyo maana zile siku mbili za kutafuna mara 40 hazikufaulu. Ulijaribu kutulia mahali ambapo mwili ulikuwa tayari unakimbia. Njaa ya saa nne usiku imewashwa alfajiri, na kila asubuhi unayoibana zaidi kwa sababu ya kujichukia unaongezea kuni.

Kwa hiyo ningekuomba ufikirie kuanza kwa kuongeza, ingawa najua linasikika kinyume na ulivyoambiwa. Asubuhi, pamoja na chai, yai moja au mawili ya kuchemsha na kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi yako. Au uji wa dona au wa ulezi wenye karanga za kusaga, usiotiwa sukari. Mayai na viazi vyote huchemshwa jana yake usiku, alfajiri unabeba. Kama tumbo lako halipokei kitu saa kumi na moja, kula saa mbili ukifika kazini. Saa nane kula sahani yote ya mama lishe, lakini muombe abadilishe: wali upungue, maharage na mchicha viongezeke, mpaka mboga ziwe karibu nusu ya sahani. Huenda akakubali. Sukari ya chai ishushe nusu kijiko kila wiki. Ukiikata yote siku moja utairudia, ukiipunguza hivyo ulimi unazoea.

Hatari ya njia hii nayo nikuambie. Wapo wanaoongeza asubuhi na usiku wakaendelea vilevile, wakanenepa. Ndiyo maana ningekushauri ujipime uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, alfajiri, na uipe njia hii wiki mbili kabla hujagusa kitu kingine. Ukiona njaa ya jioni imepoa, umeshapata mlango.

Sasa hilo la kula kwa utulivu. Mizizi yake iko katika mazoezi ya Kibuddha, na hospitalini yaliingia kupitia watu kama Jon Kabat-Zinn, aliyefungua kliniki yake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979. Wagonjwa wake walipewa zabibu kavu moja tu, waitazame, wainuse, waitafune polepole. Lile lilikuwa zoezi la darasani, halikukusudiwa kuwa namna ya kula mlo mzima kila siku. Mafunzo uliyoyaona yamechukua zoezi yakaligeuza kuwa sheria ya mezani, na katika nyumba yenye watoto watatu sheria hiyo haiishi.

Nikueleze pia linachoweza na lisichoweza, usije ukalilaumu bure. Tafiti zinaonyesha kwamba kula kwa utulivu husaidia kupunguza ule ulaji wa kuponyoka na ule wa kutuliza huzuni au uchovu. Kwenye uzito peke yake matokeo yanapishana, wengine hupungua, wengine hapana. Kwa hiyo ukiutaka utulivu ili ule bila kujichukia, unafaa sana. Ukiutegemea wenyewe uondoe kilo sita bila kutembea na bila kubadilisha sahani, huenda ukakuangusha.

Unavyofanya kazi ni hivi. Tumbo linapotanuka na chakula kinapoanza kuingia kwenye utumbo, ishara za neva na za homoni hupanda kwenda kwenye ubongo kusema yatosha. Ishara hizo huchukua kama dakika 20 kukamilika. Anayekula kwa dakika tano anamaliza sahani ya kwanza na ya pili kabla taarifa haijafika, halafu inafika yote kwa pamoja, na hapo hasikii kushiba, anasikia kuvimbiwa.

Chagua mlo mmoja tu, usiku, na ndani ya mlo huo chagua matonge matano ya mwanzo. Kabla ya tonge la kwanza jiulize njaa yako iko wapi, kwa kipimo cha moja hadi kumi, ambapo moja ni kutetemeka na kumi ni kufungua mkanda. Mahali pazuri pa kuanza ni tatu au nne, na pa kuacha ni sita au saba. Ukijikuta uko kwenye moja, usijilaumu, ila ujue asubuhi ilikuwa nyembamba. Kisha fanya tonge liwe dogo, ukubwa wa pingili ya juu ya kidole gumba chako. Hili ni muhimu kuliko kuhesabu. Ugali na wali wa nazi ni laini mno, tonge kubwa huteleza likashuka bila meno kulikuta, na ukilitafuna mara 40 unabaki na uji mdomoni, ndipo unapokata tamaa. Tonge dogo, lenye mboga ndani yake, litafunwe mpaka usikie ladha yake imebadilika. Inatosha. Mkono urudi gotini, usiandae tonge jingine wakati la kwanza bado liko mdomoni. Hiyo ndiyo siri kubwa kwa sisi tunaokula kwa mkono, kwa sababu vidole huwa vinamega kabla hatujameza. Baada ya matano, kula kawaida na zungumza na wanao. Katikati ya mlo simama mara moja, kunywa maji funda mbili tatu, ujiulize tena ile namba.

Na simu ilale chumba kingine. Mkono wa kushoto usio na kazi ndio unaoibeba.

Hakuna fumbo la macho, hakuna ukimya, hakuna atakayekucheka kwa sababu hakuna atakayeona. Na kama unafunga Ramadhani, mwili wako tayari umeshaufanya utulivu huu: tende na maji, kisha swala ya magharibi, ndipo mnarudi mkekani. Hizo dakika kumi au kumi na tano katikati zinaipa njaa nafasi ya kupoa. Siku za kawaida unaweza kuziiga, ukifika nyumbani ukala parachichi nusu au bakuli dogo la maharage, ukaoga, ndipo ukaja kumalizia mboga. Utaona hata kuonja kunapungua. Kuonja kwenyewe ukuwekee mpaka: kijiko cha chai badala ya upawa, mara mbili, baada ya chumvi na kabla ya kuepua. Kipande cha chapati kikikuita, kiweke kwenye sahani yako kikusubiri.

Kuna jambo la kitaalamu linalofaa sinia lako pia. Tafiti ndogo zimeonyesha kuwa mtu akitangulia mboga na samaki au maharage, wanga ukafuata mwisho, sukari baada ya mlo haipandi sana kama akianza na wanga. Kutembea dakika 10 hadi 15 mara baada ya kula nako kunaishusha. Kwa hiyo upande wako wa sinia anza na tembele na samaki, wali ufuate. (Msomaji mwingine anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi asiige kuchelewesha wala kupunguza mlo kabla ya kuongea na daktari wake, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka ghafla. Wewe hukutaja dawa, nachukulia hutumii.)

Tuje kwenye sinia na Mama.

Sufuria yako peke yako ina faida moja iliyo wazi: unajua kilichomo. Gharama yake ni mkaa au gesi mara mbili, saa moja ya ziada kwa mtu anayefika saa moja na nusu, na kila usiku Mama kutazama chakula chake kikipitwa. Tena watoto hujifunza kuwa mama anakula "chakula cha ugonjwa". Wengi huanza nayo kwa nguvu, na wiki ya tatu wanachoka. Chumbani nako kuna utulivu wa masikio, lakini wewe tayari una mlo wa siri saa nne usiku. Nina wasiwasi na kukuongezea mwingine saa mbili. Kuna njia ya katikati, kupakua sahani yako kutoka kwenye chakula kilekile na kukaa nayo mkekani palepale. Hiyo nayo katika nyumba nyingine ni kawaida na katika nyingine ni kujitenga. Nyumba yenu unaijua wewe.

Lakini nikuulize: una hakika kinachomuumiza Mama ni kiasi unachokula? Soma tena ulivyoandika. Anakusogezea wali upande wako ukishaisha. Anasema umechoka. Kwa mtu wa malezi yake, upande mtupu wa sinia ni mgeni aliyepunjwa, naye hawezi kukaa akautazama. Anayemaliza wa kwanza ndiye anayeongezewa. Ukila taratibu, upande wako ukabaki na chakula mpaka watoto wanaponawa, hana pa kusogeza. Tena utakuwa umekaa naye mkekani dakika 20 badala ya saba. Kwa hiyo ule utulivu uliodhani unamkosea huenda ndio heshima anayoitafuta. Jaribu pia kumtangulia kwa kusifu kitu mahususi, "Mama, nazi leo umeikamua vizuri," halafu mkono wako uende polepole. Anayesifu hashukiwi kuwa amekichukia chakula.

Kuhusu kumwambia habari ya sukari, pande zote mbili zina uzito. Kunyamaza kunamkinga na kumbukumbu za baba mkwe, na pengine kunakukinga wewe na kuuguzwa kabla hujaugua: kila tonge kuhojiwa, majirani kujua, miti shamba ya kila aina kuletwa. Upande mwingine, mama huyu amekaa miaka minne na mgonjwa, na sasa anaona mkwewe anafumba macho akila na hataki chakula chake. Huenda tayari ana hofu, tena ya kitu kikubwa kuliko 6.4. Na ndiye anayeshika mwiko. Kiasi cha mafuta, cha nazi, cha wali dhidi ya mboga, vyote viko mkononi mwake kabla hujashuka kwenye daladala. Ukiona inafaa, unaweza kumwambia kwa kipimo, huku ukimpa kazi badala ya hofu: "Mama, nimepima, sukari imepanda kidogo, si ugonjwa bado. Daktari anataka mboga ziwe nyingi kuliko wali. Naomba unisaidie, mkono wako ndio watoto wanaoukubali." Fikiria pia nani aseme, wewe au mwanawe, na saa gani. Nisingechagua wakati wa kula.

Nimeacha saa nne usiku mwisho makusudi, kwa sababu naona ndiyo iliyokuandikisha barua.

Sehemu ya ulaji ule ni njaa, na asubuhi ikishiba utaona sehemu hiyo inapungua yenyewe. Lakini angalia siku yako: mteja, mama lishe, kondakta, watoto, Mama, mume. Saa nne usiku jikoni ndiyo dakika ya kwanza ambayo hakuna anayekudai kitu. Je, inawezekana unachokitafuta pale ni kukaa peke yako, na ukoko ndio unaokupa sababu ya kuwa pale? Sijui, wewe ndiye utakayejua. Njia ya kupeleleza ni hii. Ukijisikia unaelekea jikoni, usijikataze. Washa taa. Pakua unachotaka kwenye sahani, keti kwenye kigoda, kula. Pakiti ya biskuti toa mbili, nyingine rudisha kabatini. Usiku mwingine utamaliza na kutaka zaidi, kwa hiyo ilikuwa njaa. Usiku mwingine utakaa tu na kikombe cha chai ya tangawizi isiyo na sukari na kugundua umeridhika kukaa. Kiporo nacho kiamuliwe mapema: kabla ya kula, mwambie mmoja wa watoto akitenge kwenye bakuli lenye mfuniko kwa ajili ya asubuhi. Kilichopangiwa kazi hakiliwi hovyo. Ukoko uloweke maji mara tu baada ya kupakua.

Zitakuwepo wiki zitakazovurugika, hasa siku zinazotangulia hedhi, siku za shughuli, na usiku ambao umelala kwa muda wa saa nne tu, kwa maana usingizi mchache nao huamsha njaa. Kesho yake usibane. Kunywa chai na yai lako kama kawaida. Kubana ndiko kunakorudisha gurudumu mwanzo.

Nakuomba kitu kimoja kwa uzito wote. Kula kingi kwa muda mfupi huku ukihisi huwezi kujizuia, kwa siri, kukifuatiwa na kujichukia, kukiendelea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ni hali inayojulikana kitabibu na ina matibabu. Si tabia mbaya. Hukusema imeanza lini. Kama ilianza baada ya ile 6.4, kuna uwezekano mkubwa ni matokeo ya kujibana. Kama ni ya zamani, au kama umewahi kujitapisha au kumeza dawa za kuharisha baada ya kula, hapo mazoezi haya ya matonge hayatoshi, na mengine yanaweza kukukaza zaidi. Mwambie daktari wako kwa maneno uliyotuandikia sisi, mpe hata barua yenyewe aisome, na umuombe akuelekeze kwa mtaalamu wa lishe na idara ya afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa huwa na huduma zote mbili.

Una wiki nne kabla ya kurudi kupima. Ningependa kujua asubuhi zimeendaje, na kama ulimwambia Mama au ulikaa nalo, maana hilo hakuna anayeweza kulipima isipokuwa wewe unayekaa naye mkeka mmoja. Tuandikie tena.